Mashavu Yangu Msimu wa Mvua

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza alfajiri na muhula umeanza asubuhi, vyote viwili kwa matope. Daftari hili nimelinunua nikitoka kwa daktari wa ngozi. Nimegundua siwezi kulifikiri jambo hili kwa mdomo, maana kila nikilitaja mtu hunijibu kabla sijamaliza.

Jambo lenyewe ni hili. Nina miaka arobaini na mmoja, na tangu nina kumi na sita mashavu yangu yana vishimo vya chunusi. Si viwili vitatu, ni shamba zima. Sasa kuna mashine ya leza. Daktari, mama mfupi anayevaa raba, amenieleza bila kupaka rangi. Mwale unachoma ngozi ya juu kidogo kidogo ili chini yake iote nyingine iliyo laini zaidi.

"Vishimo havitaisha," akasema. "Vitapungua kina, labda nusu. Na ngozi nyeusi kama yako na yangu ikichomwa vibaya huacha madoa. Kwa hiyo nitajaribu kwanza nyuma ya sikio, tungoje mwezi, ndipo tuamue."

Halafu akanielekeza dirishani, kwenye mawingu. Ngozi mpya haitaki jua, ndiyo maana yeye kazi hii huifanya msimu wa mvua tu. Mwanzo wa Mei ndio mwisho, kisha ni mwakani.

Nikamwambia nitafikiri. Akasema, "Fikiri. Lakini usifikiri hadi Juni."

Jumanne, 4 Machi

Mume wangu amesema, "Mimi nilikuoa ukiwa hivyo hivyo." Nikamwambia na mimi nilikubali kuolewa naye akiwa na nywele. Akanywa chai yake.

Ijumaa, 7 Machi

Wiki ya kwanza ya muhula imeisha na mikono inaniuma. Mimi ni mkalimani wa lugha ya alama katika chuo cha ufundi, darasa la kuchomelea vyuma. Wanafunzi ni kumi na watano, wanne kati yao ni viziwi. Mwalimu anasema, mimi nasema kwa mikono. Wao wanasema kwa mikono, mimi namwambia mwalimu kwa sauti. Chuo kizima mkalimani ni mimi peke yangu.

Viziwi hupeana majina kwa alama. Yuko Nyusi, binti wa miaka ishirini anayeweza kunyanyua unyusi mmoja hadi ukadhani utatoka kichwani. Yuko Kofia, ambaye sijawahi kuuona utosi wake. Na wako Mapacha, ambao si ndugu hata kidogo, ila ukimwona mmoja geuka upande wa pili utamwona mwenzake. Mimi jina langu ni ncha za vidole zikidonoa shavu. Walinipa siku ya kwanza, bila ubaya wowote. Waliona kilichopo wakakiita.

Mwalimu wa kuchomelea ni mzito kama mtungi wa gesi. Miaka mitatu tunafanya kazi pamoja na hajawahi kuwatazama wale wanne anapozungumza nao. Hunitazama mimi. "Mwambie asogeze mkono." "Waambie wavae kinyago." Simpendi sana.

Jumatatu, 10 Machi

Binti yangu amejifungia bafuni nusu saa. Ametoka na poda yangu kwenye kipaji cha uso. Ana miaka kumi na minne. Nimeona, nikajifanya sijaona.

Ijumaa, 14 Machi

Nimefanyiwa jaribio nyuma ya sikio. Ni kama kurushiwa mafuta ya kikaangoni, matone matano, basi. Nimerudi na plasta. Mama, ambaye anaishi nasi tangu mwaka juzi, ameitazama, akaitazama tena, akaenda kuchambua mchele ambao ulikwisha kuchambuliwa.

Jumatano, 19 Machi

Plasta imeniponza. Leo karakanani Nyusi ameuliza nimeumia nini. Nikasema ukweli, maana mbele ya viziwi huwezi kudanganya, wanasoma nyusi zako kabla ya mikono. Nikaeleza leza.

Wanne wote wakatoa macho. Kofia akauliza, "Ile wanayokatia mabati kiwandani?"

"Ndogo zaidi."

"Kwa hiyo watakuchomelea uso."

"Hawachomelei. Wanasawazisha."

"Kwa grinda," akasema Nyusi, na akaonyesha kwa alama jinsi grinda inavyopita shavuni na cheche zinavyoruka. Mapacha wakacheka hadi wakashika meza. Nami nikacheka, na hapo mwalimu akageuka. "Wanasema nini?"

Ni kazi yangu kutafsiri kila kinachosemwa. Nikatafsiri. Hakucheka. Akasema, "Grinda huacha alama usipojua kuishika," akarudi kwenye chuma chake.

Nimekaa na maneno hayo siku nzima kama kokoto kiatuni.

Jumanne, 25 Machi

Nimekasirika hata kalamu inatoboa karatasi. Saa ya mapumziko nimerudi karakanani kuchukua mwavuli, nikamkuta mwalimu mbele ya Kofia akichezesha vidole hewani na kukunjakunja uso. Kofia anacheka. Waliponiona wakaacha. Mtu mzima, mwenye wajukuu, anawaigiza viziwi. Kesho naenda kwa mkuu wa chuo.

Jumatano, 26 Machi

Mkuu wa chuo yuko safarini hadi mwezi ujao.

Jumanne, 1 Aprili

Mvua, siku ya nne mfululizo. Mama hasemi nami zaidi ya "chakula tayari". Nimemuuliza mume wangu kulikoni, akasema, "Tangu ile plasta." Nikamuuliza kama ameongea naye. Akasema yeye ni fundi wa majokofu, na baridi ya humu ndani inamzidi ujuzi.

Jumanne, 8 Aprili

Tukiwa tunaanika nguo barazani binti ameniuliza, "Mama, zako zilianzaje?"

"Zilikuja tu," nikasema, "nipe vibanio." Akanipa vibanio.

Sasa ninapoandika ndipo naona kuwa hayo ndiyo majibu niliyokuwa nikipewa na mama yangu. Zilikuja tu. Nipe hiki, nipe kile.

Ijumaa, 11 Aprili

Daktari ameitazama ngozi ya nyuma ya sikio kwa kioo kinachokuza. Hakuna doa. "Ngozi yako ina adabu," akasema. "Nimekuandika Ijumaa ya tarehe mbili Mei." Nimefurahi hadi nimeona aibu. Nilikuwa nimevaa viatu tayari aliponiuliza nafanya kazi gani. Nilipotaja karakana ya kuchomelea, akaweka kalamu chini.

"Ule mwanga wa kuchomelea ni jua jingine, tena la karibu. Ukishafanyiwa, wiki sita usiukaribie. Si kwa kofia, si kwa kinyago. Wiki sita."

Nimehesabu kwenye kalenda ya ukutani pale pale mbele yake. Wiki sita kutoka tarehe mbili Mei ni katikati ya Juni. Mtihani wa mwisho wa wanafunzi wangu ni tarehe tatu Juni. Wiki zote za mazoezi ya mwisho zimo humo ndani, kama zimepimwa kwa rula.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimepiga simu kufuta. Niliongea haraka nisije nikabadili nia. Nimejiona shujaa hadi saa sita mchana. Mume wangu kasema nimefanya vizuri, Mama kaniwekea mnofu mkubwa, na binti kaingia chumbani kwake akafunga mlango taratibu, jambo ambalo ni baya kuliko kuubamiza.

Jumanne, 15 Aprili

Leo nitaandika sana, na wali uungue kama unataka.

Niliwaambia wale wanne wakati wa mapumziko. Ukweli ni kwamba nilitarajia shukrani. Nilisema nimeahirisha hadi mwakani, kwa ajili ya mtihani wao, na nikakaa tayari kusema "si kitu".

Nyusi hakunyanyua unyusi. Alivua glavu zake, moja baada ya nyingine, akaziweka mezani.

"Nani alikuuliza?"

"Hakuna. Nimeona mwenyewe."

"Umeona kwamba hatuwezi."

"Nimeona kwamba mtahitaji mkalimani."

"Kazi yako ni kutuambia mwalimu anasema nini. Hatujakupa kazi ya kuamua. Nyumbani kwetu wote wanaamua kwa niaba yangu. Kaka yangu aliamua nisome ushonaji, kwa kuwa cherehani haina hatari. Nilipigana mwaka mzima kuja hapa. Halafu na wewe."

Nikasema mambo ya kijinga. Nikasema mtihani si mchezo, nikasema mwalimu hawezi hata kuwasalimu. Hapo wakatazamana, na Kofia akaanza kucheka huku Mapacha wakimkanyaga.

Nyusi akaenda akamshika mwalimu mkono, akamleta. Mwalimu alikuwa na kikombe cha chai. Nyusi akamwonyesha: haya, msalimu.

Yule mzee akaweka kikombe chini, akajifuta mikono kwenye ovaroli. Kisha akanitazama usoni na, polepole kama mtu anayevuka mto juu ya mawe, akanionyesha kwa alama: "Habari za asubuhi. Nina minyoo."

Yeye akangoja, ameridhika. Wale wanne walikuwa wameinama chini ya meza kana kwamba wameangusha kitu.

"Mwalimu," nikasema, "unadhani umesema nini?"

"Habari za asubuhi, nimefurahi kukuona."

Nikamwambia alichosema. Akageuka akawatazama, mmoja mmoja, wao wenyewe na si mimi. Kisha akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka. Kinaanzia mbali kicheko chake, kama jenereta.

Kumbe anajifunza tangu muhula uliopita, saa za mapumziko. Nilipomuuliza kwa nini hakuniambia, akasema, "Ningekwambia ungenisahihisha. Hawa wananicheka tu." Akachukua kikombe chake. "Miaka mitatu nazungumza nao kupitia wewe, Mkalimani. Siku ulipoeleza ile leza yako nikaona hata kucheka nao ni mpaka utafsiri. Nikaongeza bidii."

"Ulisema grinda huacha alama."

"Nilikuwa naogopa usichomwe na asiyejua kazi," akasema. "Ningesema nini kingine? Mimi ni mtu wa vyuma."

Na mimi nilitaka kumshtaki kwa mkuu wa chuo. Nimeurudia ule ukurasa wa Machi, nikaona haya peke yangu. Nusura niuchane, nikauacha.

Alhamisi, 17 Aprili

Nyusi bado hanisemeshi ila kwa kazi. Ana haki.

Jumanne, 22 Aprili

Mwalimu kapendekeza tujaribu: mimi nikae nje ya karakana siku nzima, yeye afundishe wote kumi na watano. Nimekaa koridoni na bakuli la karanga, kila chuma kikianguka naruka. Saa tisa wametoka. Katika maneno yake, nusu yalikuwa makosa. Alipokwama alichora ubaoni, au alimshika mtu mkono akamwonyesha. Kofia kaungua kidole kidogo, lakini Kofia huungua hata mimi nikiwepo.

Nikamuuliza Nyusi, "Imekuwaje?"

"Anasema 'kunja' badala ya 'kata'. Sasa tunajua." Halafu akaniuliza nafasi yangu kwa daktari kama bado ipo.

Nimepiga simu nikiwa pale pale koridoni. Ilikuwa bado ipo. Daktari hakuwa ameifuta. "Nilikupa wiki moja ya kujuta," akasema.

Sasa naandika hili kwa uwazi, ili nisije nikasema baadaye kuwa nilisukumwa. Sifanyi kwa ajili ya mume wangu, ambaye hataki. Sifanyi kwa kuwa nauchukia uso wangu. Umenilisha, uso huu, miaka kumi na tatu nasema nao. Nafanya kwa sababu nimetaka tangu nina miaka kumi na sita, na sijawahi kumwambia kiumbe hai yeyote kwamba nataka.

Jumatano, 23 Aprili

Nimemwambia mume wangu. Ametoka nje kwenye manyunyu, kazunguka nyumba mara mbili, karudi. "Naogopa wasikuunguze," akasema. Kumbe ndiyo yote. Miezi miwili ya "nilikuoa hivyo hivyo" ilikuwa woga uliovaa koti.

Alhamisi, 1 Mei

Kazini mapumziko. Mama kaja chumbani mchana, kakaa ukingoni mwa kitanda kama mgeni.

"Ni mimi niliyekukamua," akasema.

Sikuelewa.

"Zile chunusi. Kila Jumapili nilikuwa nakukamua, kwa sindano na maji ya moto. Jirani aliniambia ndiyo dawa. Wewe unalia, mimi nakubana mabega. Kila nikikutazama naviona vile vishimo, najua kila kimoja. Unapokwenda kuvifuta, najiona nimeshtakiwa."

Nilikuwa nimesahau kabisa Jumapili zile, au nilizifungia mahali. Nikakumbuka mikono yake ikinuka sabuni. Nikamwambia hajashtakiwa, alifanya alichojua. Akasema, "Najua. Lakini nilikuwa nangoja uniulize, hukuniuliza." Nikamwambia nami nilikuwa nangoja aniambie. Tukaona tumepoteza miaka ishirini na mitano tukipishana mlangoni. Akavua kanga yake akanifunika miguu, ingawa hakukuwa na baridi.

Ijumaa, 2 Mei

Imefanyika. Dawa ya ganzi, miwani ya chuma, harufu kama ya unyoya ulioungua. Saa nzima. Siwezi kutabasamu.

Jumamosi, 3 Mei

Nimevimba kama andazi. Mume wangu kabeba jokofu dogo kutoka dukani kwake hadi kando ya kitanda changu, kwa vitambaa vya baridi. Linanguruma. Kasema ngurumo hiyo atairekebisha.

Jumatatu, 5 Mei

Uso unatoka maji. Binti ananipaka mafuta kwa kijiti, ulimi nje, kama anapaka rangi dirisha. Hajaogopa hata kidogo. Mimi ndiye niliyeogopa kioo.

Jumamosi, 10 Mei

Wale wanne wamekuja kunitazama, na mwalimu nyuma yao kabeba ndizi. Tumekaa barazani mbali na mwanga, mvua ikipiga bati. Nilijaribu kuwauliza habari za mazoezi, lakini katika lugha ya alama swali huulizwa kwa nyusi, na nyusi zangu zimegoma, ngozi imekaza.

"Unauliza au unasema?" akauliza Kofia.

"Nauliza."

"Basi andika alama ya kuuliza hewani kila mara."

Nikaandika. Jioni nzima nimekuwa nikichora kiulizo hewani kama mwalimu wa chekechea, na wao wakinijibu kwa kuchora nukta. Nimecheka kwa tumbo, uso hautaki. Nyusi alibaki nyuma kidogo wenzake walipotoka. Akanitazama kote, maganda na wekundu na yote.

"Unatisha," akasema.

"Najua."

Akanikumbatia kwa pembeni, asiniguse shavu.

Jumatano, 14 Mei

Maganda yanatoka. Chini yake kuna ngozi ya rangi ya maandazi mabichi. Mama kasema ni kama nilivyozaliwa, isipokuwa kelele zimepungua.

Jumatatu, 26 Mei

Nimerudi chuoni, lakini kwa masomo ya darasani tu. Kofia pana, mwavuli, krimu ya kukinga jua. Mlinzi wa geti kaniamkia "shikamoo, bibi" kisha akanitambua. Vishimo vipo. Vya kushoto vimepungua zaidi ya nusu, vya kulia chini kidogo ya hapo. Kwenye taya kuna madoa mawili meusi, daktari kasema yatafifia kufikia mwisho wa mwaka. Nimeridhika kuliko nilivyotarajia, na ninajitazama kila mahali, hata kwenye vijiko.

Jumanne, 3 Juni

Mtihani. Sehemu ya maandishi nimetafsiri mimi, chumbani, mapazia yamefungwa. Saa tano wamekwenda karakanani na mimi nimebaki ng'ambo ya uwanja, chini ya mwavuli. Mvua hakuna tena. Kwenye madirisha ule mwanga wa buluu unawaka na kuzima, na mimi nautazama kwa mgongo.

Kazi yao ilikuwa kutengeneza sanduku la chuma. Likiisha linajazwa maji, linangojwa dakika kumi. Tone moja likitoka, umeanguka.

Mashine zilipozimwa wote wakaniita. Masanduku kumi na matano yamepangwa sakafuni, mtahini ana saa mkononi, hakuna anayepumua. Mtahini akasema kitu, na mwalimu akawageukia wale wanne akawaonyesha: "Dakika kumi. Msiguse. Msiogope." Hakunitazama. Kauli zote tatu sahihi.

Nilisimama na mikono yangu imening'inia, haina la kufanya. Dakika ya sita pembe ya sanduku la mmoja wa Mapacha ikaanza kung'aa. Pacha mwenzake akafumba macho. Mtahini akainama, akapitisha kidole, akakinusa. Ilikuwa mafuta ya kulainishia, yaliyobaki tangu mwanzo. Dakika ya kumi yote yalikuwa makavu, isipokuwa la mwanafunzi mmoja aliyekaa mbele mwaka mzima akisema hahitaji kusikiliza. Masikio anayo mawili, mazima.

Nje Nyusi alinivua kofia ili anione juani, nusu dakika tu.

"Bado vipo," akasema.

"Najua."

"Umefurahi?"

"Sana."

"Basi nami nimefurahi. Nimeambiwa na mtahini niende kiwanda cha matangi Jumatatu. Niliongea naye mwenyewe, kwa karatasi." Akanirudishia kofia.

Jumamosi, 7 Juni

Jua limetoka tangu asubuhi, nguo zimekauka kwa saa moja. Nilikuwa najipaka krimu yangu mbele ya kioo cha bafuni, mlango wazi, binti akaja akasimama kando yangu. Hakuwa na poda. Kipaji chote kimejaa chunusi, na shavu la kulia limeanza.

"Mama, nipeleke kwa daktari wako."

Nikamwambia yeye bado ni mdogo, hizo hutibiwa kwa dawa ya kupaka, leza haimhusu.

"Najua. Nimesoma. Nataka hiyo ya kupaka."

"Kabla hujawa kama mimi," nikasema, nikijaribu kufanya utani.

Akanitazama kwenye kioo. "Hapana. Sura yako naipenda. Kabla sijakaa miaka ishirini na mitano bila kumwambia mtu."

Nilimaliza kupaka upande wa pili. Nikamsimulia zilivyoanza. Nikaanza na Jumapili za sindano na maji ya moto, bibi yake akiwa mlangoni, na pale niliposahau, yeye bibi akaongeza. Tukasimama watatu bafuni mahali pa mtu mmoja, hadi mume wangu akauliza kwa mbali kama bomba limepasuka.

Nimepiga simu. Tumepewa Jumatatu, saa nne.